Somo: Kuingiza matetea wageni kwenye banda lenye wenyeji

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ndaga kwa wa Rungwe, na wengine wote salamu zenu. Kila msimu wa mavuno, mahindi yakishakuwa mengi majumbani, swali ni lilelile: nimeongeza matetea, wenyeji wanawadonoa, nifanyeje? Nitalijibu, ila si la kwanza. Kudonoana kunatoa manyoya na damu kidogo, kisha kunaisha. Kinachomaliza banda zima ni ugonjwa aliokuja nao kuku mzuri, mnene, aliyenunuliwa sokoni asubuhi na jioni akalazwa pamoja na wenzake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu kuwaweka mbalimbali, na ndogo inahusu kuwakutanisha.

Nawalenga wenye kuku 5 hadi 20 nyuma ya nyumba, wawe wa kienyeji au chotara. Wenye mabanda ya kuku mamia huwaingiza wote siku moja na kuwatoa wote siku moja, kwa hiyo shida hii hawanayo.

Hatua ya 1: Pima banda kabla ya kutoa hela

Kuku wakubwa 4 kwa mita moja ya mraba wanatosha. Kwenye fito za kulalia, kila kuku apate sentimita 20 hivi. Kiota kimoja kinahudumia matetea 4 au 5. Ukiongeza kuku bila kuongeza fito, ugomvi utauona usiku wa kwanza, na hapo kosa si la kuku.

Chukua wawili au zaidi kwa mpigo. Akiwa mmoja, hasira zote za banda zinamwishia yeye. Wawe na umri na umbo linalokaribiana na wenyeji.

Hatua ya 2: Kuchagua

Bora ununue kwa mfugaji unayeweza kumuuliza, "Hawa umewachanja lini?" akakujibu bila kutafuna maneno. Kuku wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, huenda katoka Usangu, mwenzake katoka Chunya, na wote wameshinda tenga moja wakipumuliana. Sisemi msinunue sokoni, maana na mimi hununua. Nasema ukinunua huko, hatua ya 3 haina mjadala.

Mshike kuku mkononi. Macho yawe angavu, bila mapovu wala machozi. Matundu ya pua yawe makavu. Sogeza sikio karibu na kifua chake usikilize kama anakoroma. Mgeuze uangalie chini ya mkia: manyoya yaliyogandana kinyesi ni dalili ya kuhara. Fungua bawa utafute chawa. Papasa mfupa wa kifuani. Ukiwa mkali kama kisu, huyo kakonda, na manyoya ndiyo yanayomnenepesha machoni pako. Magamba ya miguuni yaliyoinuka na kukwaruza ni ukurutu. Huo unatibika kwa kupaka mafuta mazito ya mgando kila baada ya siku chache, lakini utumie kupunguza bei.

Na jamani, msiwaninginize miguu juu kichwa chini kwenye bodaboda kutoka soko hadi nyumbani. Tenga au boksi lenye matundu linatosha.

Hatua ya 3: Karantini, na hapa ndipo watu wanaponichoka

Wageni wakae peke yao siku 30. Najua wengi wanakaa wiki moja, wakiona kuku anakula vizuri wanafungua mlango. Wiki moja haitoshi: virusi vya kideri (mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima) vinaweza kukaa mwilini hadi wiki mbili au zaidi ndipo dalili zionekane. Mafua ya kuku, yale ya kuvimba uso na kutoa makamasi yenye harufu, yana ubaya zaidi. Kuku aliyeugua akapona anaweza kubaki na vijidudu na kuwaambukiza wengine, na yeye mwenyewe haonyeshi chochote. Kumpa antibayotiki kunatuliza dalili tu. Hakumfanyi awe salama kwa wenzake.

Mahali pa karantini pawe mbali na banda kadiri uwanja unavyoruhusu, tena pasiwe upande upepo unaotokea kuelekea kwa wenyeji. Stoo ya kuni au jiko la nje lisilotumika linafaa. Vyombo vya maji na chakula viwe vya kwao peke yao. Wahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho, halafu nawa mikono kwa sabuni. Weka kandambili za kuingilia kwa wageni na usitembee nazo kwingine. Mtoto anayetumwa kupeleka pumba aambiwe hivyo hivyo, kwa sababu ndiye anayepita kote.

Siku za mwanzo wape maji, chakula na utulivu tu. Wakishapumzika na hawana dalili yoyote, wachanjwe kideri. Ile chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha inafaa sana kwetu sisi wadogo: inahimili joto kuliko za zamani, ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Kichupa kina dozi nyingi, kwa hiyo changishaneni majirani mchanje mtaa mzima siku moja. Wenyeji wako nao wawe wamechanjwa. Chanjo inahitaji wiki moja hadi mbili mwili ujenge kinga, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokuwa na haraka. Kuku anayeumwa hachanjwi.

Baada ya chanjo, wape dawa ya minyoo kwa kipimo cha kwenye pakiti, na wapige unga wa kuua chawa chini ya mabawa na kuzunguka mkia. Unga huo urudie baada ya siku 10 hivi, maana mayai ya chawa hayafi mara ya kwanza. Beseni la majivu ya kuni yaliyopoa, yamechanganywa na udongo mkavu, wataogea wenyewe.

Wiki ya mwisho nawashauri jambo ambalo wengi hawalifanyi: chukua kuku mmoja kati ya wenyeji, yule usiyempenda sana, umweke karantini pamoja na wageni. Akibaki mzima, una ushahidi. Akianza kupiga chafya, umepoteza mmoja badala ya kumi na mbili.

Hatua ya 4: Waonane kwa wavu

Sasa sogeza wageni karibu na banda, au gawa banda kwa wavu wa kuku. Waonane, wasikie sauti, wasifikiane kwa midomo. Wiki moja inatosha. Weka chakula pande zote mbili karibu na wavu ili wazoee kula wakitazamana. Kila banda lina ngazi yake, nani anakula mwanzo na nani analala fito ya juu, na mgeni lazima apewe daraja. Sehemu kubwa ya mazungumzo hayo inafanyika hapo kwenye wavu bila damu.

Hatua ya 5: Siku ya kuchanganya

Wengine huwaingiza wageni usiku, kuku wakiwa wamelala juu ya fito. Kuku haoni vizuri gizani, kwa hiyo hakuna vita mpaka kupambazuke. Sina neno na njia hiyo, mradi uwepo alfajiri kabla hawajashuka. Mimi napenda zaidi kuwafungulia wote nje alasiri, uwanjani, penye nafasi ya kukimbia. Wakipigana, wanyonge wanakwepa. Jioni uchovu unawaingiza ndani.

Ongeza chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji, viwe mbali na vya zamani, ili mbabe mmoja asivilinde vyote. Ning'iniza kabichi au fungu la majani ya figiri, wapate cha kudonoa kisichokuwa mgongo wa mwenzao. Egemeza ubao ukutani, mnyonge apate pa kujificha, lakini uache upenyo pande mbili asije akabanwa. Kufukuzana, kuvutana upanga wa kichwani na kelele kwa siku chache ni kawaida. Ikitoka damu, ingilia.

Wageni wakiacha kutaga wiki mbili tatu, msiwapeleke sufuriani. Kuhama kunawavuruga, watarudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Ilomba: Shikamoo mama. Uwanja wangu ni mdogo kama chumba. Hiyo karantini nitaiweka wapi?

Marahaba mwanangu. Kama kweli huna pa kuwatenga, omba stoo ya ndugu mtaa mwingine, au uache kununua kuku wakubwa. Subiri tetea wako anayeatamia, umtafutie mayai yenye mbegu kwa mfugaji mwingine, umwekee usiku. Siku 21 baadaye una vifaranga wapya watakaolelewa na mwenyeji. Ila mayai yatoke kwenye kundi lisilo na homa ya matumbo wala kuhara kweupe, kwa sababu magonjwa hayo yanapita hata kwenye yai.

Mwanachama wa Kihesa: Nina tetea mmoja mwekundu, huyo ni askari. Mgeni katobolewa kichwa.

Mtoe mgeni, safisha kidonda, paka GV, ile dawa ya zambarau. Inakausha na inaficha wekundu, maana kuku akiona damu haachi. Halafu mtoe huyo askari naye, umfungie peke yake siku tatu hadi nne, wengine wakizoeana nyuma yake. Akirudi anaanza kama mgeni. Kosa la wengi ni kumtenga anayepigwa tu. Akirudi anapigwa upya.

Mwanachama wa Makambako: Mwezi wa sita na wa saba huku ni baridi kali. Wageni wangu wametoka Kyela. Niwawekee jiko la mkaa usiku?

Hapana, ndugu yangu. Moshi wa mkaa kwenye kibanda kilichofungwa unaua kuku, na unaua watu pia. Kuku mkubwa mkavu anahimili baridi. Kinachomuumiza ni upepo na unyevu. Ziba upande wa upepo, acha matundu ya hewa juu ya vichwa vyao, mwaga maranda makavu sentimita 10 hadi 15. Mafinga maranda si shida, na waliokaribu na Usangu watumie pumba za mpunga. Ukiingia asubuhi macho yakawasha, hewa haitoki, na mafua yako njiani. Ila kama unaweza kuchagua, wa Kyela walete kabla ya mwezi wa tano.

Mwanachama wa Mafinga: Nimenunua chotara wa mwezi mmoja. Niwaweke na wakubwa?

Bado. Watapigwa, na chakula chao ni tofauti. Chakula cha wanaotaga kina kalsiamu nyingi, na figo za kuku mdogo haziiwezi. Wakae kwao mpaka wafike wiki 14 hadi 16, ndipo waanze hatua ya wavu.

Mwanachama wa Tukuyu: Mama mkwe kaniletea kuku mmoja, kanikabidhi mbele ya watu, na anataka kumwona anatembea na wenzake. Karantini nitamwambiaje?

Mwambie kuku wake ni wa heshima, ana chumba chake. Nazungumza kweli. Mtenge kama wengine, na wiki ya mwisho mpe mwenyeji mmoja wa kukaa naye, ili siku ya kuchanganya waingie wawili. Na kwa kuwa uko Tukuyu: maganda na mbegu za parachichi visiingie bandani kabisa, ni sumu kwa kuku.

Mwanachama wa Uyole: Nimeshachanganya juzi kabla ya kusoma hapa. Leo mmoja wa wageni kavimba jicho na anapiga chafya.

Mtoe sasa hivi, na wageni wenzake wote. Osha vyombo vya maji kwa sabuni, vikauke juani, kila siku. Mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujanunua dawa, maana kuvimba uso kunaweza kuwa mafua na kunaweza kuwa kingine, na dawa ya kubahatisha inakula hela tu. Ukipewa antibayotiki, soma siku za kuacha kula mayai. Usiuze kuku yeyote wa banda hilo kwa sasa, hata aliye mzima. Anayekufa azikwe shimo refu, asitupwe jalalani mbwa wakamtembeza mtaa mzima. Tuandikie kesho rangi ya kinyesi chao. Kikiwa kijani na shingo zimeanza kupinda, hizo ni dalili za kideri: waambie majirani usiku huohuo wafunge kuku wao.