Kuhesabu tondo, kisha kumweleza muuza samaki

Ukiwapeleka wanafunzi wa baiolojia Kunduchi kuhesabu tondo, wale konokono wa kwenye mikoko, usiwaache warushe fremu, yaani mraba wa kuhesabia ndani yake. Mkono hufuata jicho, na jicho hukimbilia tondo walikojazana. Wastani unapanda bure. Tandaza futikamba ya mita 50, wachague namba 10 za bahati nasibu kabla hawajakanyaga tope, na fremu iwekwe kwenye mita za namba hizo hizo hata pakiwa patupu. Sifuri ni data, iandikwe. Fremu ya bomba la plastiki ipimwe kwa ndani, sentimita 50 kwa 50, maana elbo za kona huongeza upana. Idadi ya kila fremu zidisha kwa 4 upate tondo kwa mita ya mraba. Nendeni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakiwa yamekupwa.

Wakirudi, kila mmoja amweleze matokeo kwa dakika moja mtu ambaye hakusoma baiolojia, tuseme muuza samaki wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kisha amwombe arudie kwa maneno yake. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Akirudia "kumbe tondo wamekwisha" wakati mwanafunzi alimaanisha ni wachache upande wa nchi kavu tu, kasoro iko kwenye sentensi ya mwanafunzi. Aiandike upya siku hiyo hiyo.