Kufunga baiskeli stesheni nchini Uingereza: mwongozo kwa anayepanda treni kila siku

Mtu anayefunga baiskeli yake mlangoni mwa duka hurudi baada ya dakika kumi, na mwizi anayeinyemelea hajui kama mwenyewe atatoka sasa hivi au baadaye. Stesheni ni kinyume chake. Mwizi anakuona ukifika saa moja asubuhi, begi mgongoni, anakuona ukikimbilia treni, na kuanzia hapo anajua kwamba hutaonekana tena hadi saa kumi na mbili jioni. Amepata saa kumi na moja za kuchagua baiskeli anayoitaka, kusubiri watu wapungue, na hata kwenda kuleta kifaa alichokisahau. Ushauri wote ninaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja, yaani kwamba stesheni humpa mwizi muda, na kazi yako ni kumnyang'anya muda huo kadiri uwezavyo.

Nawaandikia hasa wenzetu wanaoishi Uingereza, kwa sababu huku ndiko nilikojifunza haya, tena kwa hasara. Nyumbani Afrika Mashariki mlinzi mkuu wa baiskeli ni watu: unaiegemeza mbele ya duka, unamwambia mwenye duka, "Niangalizie chombo changu," nawe unakwenda zako. Nilipoanza kupanda treni huku nilipitisha mnyororo kwenye spoku za gurudumu la mbele na stendi, kama nilivyozoea, nikaona nimemaliza. Wiki ya pili nilirudi jioni nikakuta gurudumu la mbele limesimama peke yake, mnyororo umefungwa vilevile nilivyouacha, kufuli halijaguswa, lakini fremu, usukani na gurudumu la nyuma vimekwenda. Magurudumu ya baiskeli nyingi za siku hizi hutolewa kwa kufungua kishikizo kimoja kwa mkono, kwa hiyo aliyeichukua hakuhitaji hata spana.

Anza na mahali kabla ya kufikiria kufuli. Nenda stesheni siku ambayo huna haraka, ulizunguke jengo lote, kwa kuwa mara nyingi stendi zinazoonekana kwanza si ndizo bora. Uliza kama kuna banda linalofunguliwa kwa kadi maalumu, ambalo mtu hujiandikisha ndipo aruhusiwe kuingia. Kama lipo, jiandikishe, hata ikiwa kuna malipo kidogo, ila usilichukulie kuwa ni stoo ya nyumbani kwako, kwa kuwa mlango wa banda hufunguliwa na watu wengi, na wapo wanaowashikia mlango wasiowajua kwa sababu ya adabu tu. Hata jengo kubwa halikuondolei wajibu wa kufunga vizuri. Jengo la baiskeli la stesheni ya Cambridge, lililofunguliwa mwaka 2016 likiwa na nafasi karibu 3,000 katika ghorofa tatu, lina kamera, na bado wezi wamekuwa wakiingia humo. Kama hakuna banda, chagua stendi iliyo karibu na mlango wanaopita abiria, na ikiwezekana mkabala na kibanda cha kahawa au dirisha la tiketi, usiende kwenye ile iliyojificha nyuma ya maegesho ya magari, hata kama ina paa zuri. Mvua haiibi baiskeli. Kumbuka pia kwamba mwezi wa Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo mahali palipoonekana wazi mchana wa Juni panaweza kuwa kichaka cha giza wakati unaporudi.

Stendi iliyo bora ni ile inayoitwa stendi ya Sheffield, ambayo ni bomba nene la chuma lililopindwa kama herufi ya U iliyogeuzwa, miguu yake miwili ikizikwa kwenye saruji, nayo hubeba baiskeli mbili, moja kila upande. Kabla ya kuifunga baiskeli yako, ishike stendi kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu. Kisha pitisha kiganja chako kuizunguka kutoka juu hadi chini, hasa mahali palipobandikwa tepu au stika. Wezi wa huku wana mbinu ya kuikata stendi usiku kwa msumeno, kuufunika mkato kwa tepu, kisha kusubiri mtu aje kufunga baiskeli ya maana. Mchana wanabandua tepu, wanatanua bomba, na baiskeli inatoka pamoja na kufuli lake zima. Ukigusa tepu, bonyeza. Kidole kikizama kwenye ufa, ondoka hapo uwaarifu wafanyakazi wa stesheni. Ziepuke pia stendi zinazobana gurudumu la mbele peke yake bila kuifikia fremu, kwa kuwa hizo zitakurudisha kwenye hasara niliyoieleza juu.

Stesheni zenye abiria wengi huwa na stendi za ghorofa mbili. Binafsi napendelea ya juu, ingawa inachosha asubuhi, kwa sababu anayeshusha baiskeli kutoka juu lazima avute reli ndefu inayopiga kelele, na watu hugeuka. Unaivuta reli hadi mwisho, unaiinamisha, unaweka gurudumu la mbele kwenye mfereji, unasukuma, kisha unainua. Hakikisha kufuli limepita kwenye fremu na kwenye pete au upau wa chuma uliowekwa kwa kazi hiyo, si kwenye kipande chembamba kinachofungwa kwa skrubu mbili.

Sasa kufuli. Nchini Uingereza kuna mpango wa kupima makufuli unaoitwa Sold Secure, unaosimamiwa na chama cha mafundi wa makufuli, nao huyapa madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na almasi kulingana na muda na vifaa vinavyohitajika kuyavunja. Kwa stesheni usishuke chini ya dhahabu. Chukua kufuli gumu la umbo la U, lakini usinunue kubwa ukidhani ndilo lenye nguvu, kwa kuwa nafasi inayobaki ndani yake ndimo mwizi anamoingizia mtarimbo au jeki ndogo. Linalofaa ni lile linaloishika fremu, gurudumu na bomba la stendi huku likibaki tupu kidogo sana. Waya uliovikwa plastiki, ambao wengi huuona mzuri kwa kuwa ni mwepesi, hukatwa kwa koleo ya mkononi kabla treni yako haijaondoka. Adui mkubwa zaidi wa siku hizi ni grainda ya betri, ambayo hulikata kufuli la kawaida la U kwa muda mfupi sana. Yapo makufuli yaliyotengenezwa na tabaka linalokula diski ya grainda, lakini ni mazito na bei yake ni kubwa. Kama baiskeli yako ni ya umeme, nakushauri kwa dhati uyafikirie, na betri uondoke nayo.

Namna ya kufunga ina uzito kuliko bei ya kufuli. Sogeza baiskeli hadi fremu iguse stendi, pitisha kufuli la U kwenye gurudumu la nyuma na kwenye pembetatu ya nyuma ya fremu, kisha kwenye bomba la stendi, ulifunge. Gurudumu la nyuma ndilo lenye gia, kwa hiyo ni ghali kununua upya. Kufuli likae juu kiasi, mbali na ardhi, kwa kuwa likigusa sakafu mwizi ataligonga kwa nyundo juu ya saruji kama fundi anavyofanya juu ya fuawe. Na tundu la ufunguo lielekee chini, lisijae maji wala lisimkabili mwenye kulichokonoa. Baada ya hapo chukua kufuli la pili la aina nyingine, kwa mfano mnyororo mnene, ulifunge gurudumu la mbele pamoja na fremu na stendi. Sababu ya kutaka aina mbili ni kwamba kifaa kinachovunja moja mara nyingi hakifai kwa jingine, na mwizi aliyebeba kimoja tu atahamia kwenye baiskeli ya jirani. Ni jambo la kusikitisha, lakini ndivyo lilivyo. Fundi wa baiskeli anaweza pia kukubadilishia vishikizo vya magurudumu na vya siti, akaweka boliti zinazohitaji ufunguo maalumu. Taa, pampu na chupa ya maji viingie begini kila siku bila kukosa.

Kwa safari hii usitumie baiskeli yako bora. Baiskeli ya stesheni iwe na breki nzuri na minyororo iliyopakwa mafuta, lakini isiwe na kitu kinachomvuta mpita njia aitazame mara mbili. Anayetaka kulikwepa tatizo lote na anunue baiskeli ya kukunja, aingie nayo kwenye treni. Baiskeli nzima huzuiliwa saa za msongamano katika treni nyingi za kuingia na kutoka London, ila ya kukunja hupita. Usiifunge baiskeli kwenye vyuma vya ngazi wala kwenye mteremko wa viti vya magurudumu. Utawazuia wasioona na wasioweza kupanda ngazi, na wafanyakazi wa stesheni wana haki ya kuikata na kuiondoa.

Ukiikuta baiskeli jioni imetobolewa tairi au imefungwa kwa kufuli lisilo lako, usiiache hapo hadi kesho. Hiyo ni hila ya kukulazimisha uiache usiku kucha. Waite wafanyakazi, baki nayo, uivute hadi nyumbani hata kwa miguu.

Maandalizi ya karatasi yanachukua nusu saa, nayo hufanywa kabla ya wizi. Ipindue baiskeli uandike namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya mahali mhimili wa pedali unapopita. Ipige picha ukiwa umesimama nayo, hifadhi risiti, na uiandikishe katika BikeRegister, hifadhidata inayotumiwa na polisi wa nchi nzima. Ukiwa na bima, soma masharti yake kwa makini, kwa kuwa kampuni nyingi hudai kufuli la daraja fulani la Sold Secure na risiti ya kufuli hilo, na baadhi huweka kikomo cha saa ambazo baiskeli inaweza kuachwa mahali pa umma.

Ikiibiwa stesheni, wanaohusika ni Polisi wa Usafiri wa Uingereza, ambao hupokea ujumbe mfupi kwa namba 61016. Ukimwona mwizi akiwa kazini, piga 999. Hata hivyo usiweke matumaini yote kwenye kamera. Mwaka 2025 vyombo vya habari viliripoti kwamba polisi hao hawachunguzi wizi wa baiskeli iliyoachwa nje ya stesheni kwa zaidi ya saa mbili, kwa sababu kupitia picha za muda mrefu hivyo kunawamaliza askari, na abiria wa kila siku huacha baiskeli yake kwa saa nyingi zaidi ya hizo. Toa taarifa hata hivyo, kwa kuwa bila namba ya kumbukumbu ya kosa bima haitakulipa, na baiskeli ikikamatwa popote ni namba ya fremu itakayokuonyesha kuwa ni yako. Kisha pitia kurasa za kuuzia vitu mtandaoni kwa siku kadhaa. Ukiiona inauzwa, hifadhi picha na kiungo cha tangazo uwapelekee polisi pamoja na namba ile ya kumbukumbu, wala usiende peke yako kukutana na muuzaji.