Papi mpya: kojo nje, usingizi kizimbani

Papi, yaani mtoto wa mbwa, wa miezi miwili habani mkojo zaidi ya masaa mawili matatu, sasa usimgombeze bure. Akiamka tu, akimaliza kula au kucheza, mbebe fasta mpaka kona ileile ya uani, akishajisaidia hapohapo mpe kipande cha dagaa umsifie kama kafunga goli. Kizimba chake cha kulala kiwe saizi ya kusimama na kujigeuza tu, kikiwa kikubwa atakojoa upande mmoja alale mwingine. Mlishe humo mlango wazi siku kadhaa ndo uanze kufunga dakika tano tano, na usimpandishe kizimbani kama adhabu, si mahakama ile. Akikojoa ndani futa kwa maji na siki, wangu alirudia zulia lilelile wiki nzima kisa nilifuta na maji matupu.