Somo: Mradi wako wa programu huria umezeeka. Uuendeleze, uurithishe au uufunge?

Wakuu, mwezi uliopita nimefunga rasmi maktaba yangu (msimbo ambao watu huuchomeka kwenye programu zao) ya lugha ya PHP, ile inayogeuza tarakimu za fedha kuwa maneno kwa ajili ya risiti na hati za malipo: 1,250,000 inatoka "milioni moja, laki mbili na elfu hamsini". Niliianza mwaka 2014. Nilipaswa kuifunga miaka mitatu nyuma, na muda wote huo watu waliendelea kuiweka kwenye mifumo mipya wakiamini nipo. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Jua nani anaitegemea

Usidanganyike na idadi ya upakuaji. Mashine za majaribio hupakua kifurushi kilekile kila msimbo unapoguswa. Tazama vifurushi vingine vinavyokitegemea chako. Npm (ghala la vifurushi vya JavaScript) na Packagist (la PHP) wanavionyesha. Kisha andika juu kabisa ya README (faili la maelezo ya mradi) kwamba unafikiria kufunga, na usubiri mwezi mzima. Kwangu walijitokeza wanne, mmoja wao fundi wa mfumo wa SACCOS ambaye sikuwahi kumsikia kabla.

Hatua ya 2: Jiulize swali moja

Leo usiku ukiletewa taarifa ya mwanya wa kiusalama, nani atauziba, na lini? Ukikosa jibu, mradi hauna mtunzaji hata kama jina lako bado liko pale. Ila usichanganye mradi uliotelekezwa na mradi uliokamilika. Maktaba ndogo iliyofanya kazi yake ikaisha inaweza kukaa miaka miwili bila kuguswa na isiwe na tatizo. Yangu haikuwa hivyo: PHP 5.6 iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018, nami bado nilikuwa naahidi kuihudumia.

Hatua ya 3: Chagua njia

Unaweza kubaki kwenye matunzo tu. Moment.js, maktaba ya tarehe ya JavaScript, walifanya hivyo Septemba 2020: walitangaza kwamba hakuna vipengele vipya, wakawaelekeza watu kwa maktaba mbadala kama Luxon, Day.js na date-fns. Unaweza kufunga kabisa, kama request, maktaba ya Node.js ya kutuma maombi ya HTTP, iliyotangaza nia yake 2019 ikafungwa Februari 2020, ingawa maelfu ya vifurushi viliitegemea.

Njia ya tatu ni kumkabidhi mrithi, na hapa naomba mtulie. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, kifurushi cha npm ambacho mwenyewe alikuwa hakitumii tena, alimpa haki za kuchapisha mtu aliyejitolea kwa barua pepe. Mtu huyo akaingiza kitegemezi (kifurushi kingine kinachovutwa pamoja nacho) kiitwacho flatmap-stream chenye msimbo wa kuiba bitcoin kwenye pochi ya Copay. Mwaka 2024 ikawa zamu ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika sana kwenye Linux: anayejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji aliyechoka aachie nafasi. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa kuwa kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulichelewa kama nusu sekunde.

Msimamo wangu: kama humjui mrithi kwa kazi yake ya muda mrefu, funga. Leseni huria inamruhusu anakili msimbo na kuuendeleza kwa jina lake. Hapo kila mtumiaji ataamua mwenyewe kama anamwamini. Ukimpa funguo zako, umemhamishia imani ya watu bila wao kujua.

Hatua ya 4: Funga kwa mpangilio

Toa toleo la mwisho lenye marekebisho uliyokuwa nayo. Andika README: tarehe, sababu, mbadala. Jibu ripoti zilizo wazi. Weka alama ya kutelekezwa Packagist, au tumia amri ya deprecate kule npm. Kuweka mradi kwenye kumbukumbu (archive) ya GitHub, tovuti unakohifadhiwa msimbo, kuwe jambo la mwisho, maana baada ya hapo kila kitu ni cha kusomwa tu.

Usifute kifurushi. Machi 2016 left-pad, yenye mistari 11 tu, iliondolewa npm na miradi chungu nzima ikashindwa kujengwa hadi iliporudishwa. Na endelea kulipia jina la kikoa la barua pepe yako. Mwaka 2022 kifurushi cha ctx kule PyPI (ghala la vifurushi vya Python) kilitekwa na mtu aliyenunua kikoa cha mtunzaji kilichokwisha muda, akaomba nenosiri jipya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kuna kampuni inatumia kazi yangu na kila wiki inanidai marekebisho. Nikifunga si nitakuwa nimewakosea?

Jibu: Soma leseni yako. Leseni ya MIT, kwa mfano, inasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Wape tarehe, wape nafasi ya kumweka mtu wao au kukulipa. Wasipojibu hadi tarehe ifike, huna deni.

Swali: Mimi ndiye natumia hiyo maktaba yako, kwenye mfumo wa ada za shule. Nihame leo?

Jibu: Hapana, kaka. Lishikilie toleo ulilonalo lisibadilike kwenye composer.lock (faili linaloandika matoleo ya vifurushi vyako), lijaribu kabla ya kupandisha PHP. Hama utakapofanya matengenezo makubwa. Samahani kwa usumbufu.

Swali: Na mradi wa tafsiri ya Kiswahili je? Wetu umebaki na mtu mmoja.

Jibu: Hapo cha kuokoa kwanza ni istilahi. Mnakumbuka Jambo OpenOffice ya 2004, programu za ofisi kwa Kiswahili, iliyotokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kukubaliana maneno ndiyo kazi nzito, na maneno hayategemei toleo la programu. Toeni orodha yenu kama faili la kawaida, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, mliwekee leseni huria. Mkishaliweka mahali pa wazi, nitumieni kiungo, nitalipitia.