Kabla Hujakata Bamba: Mambo ya Kuzingatia kwa Fundi wa Mombasa Anayetaka Kuunda Matangi ya Presha

Tangi la kompresa la lita 100, likijazwa hewa hadi presha ya baa 10, linabeba nishati inayokaribia ile ya gari la tani moja likienda kilomita 60 kwa saa. Tangi hilo huwekwa kando ya benchi la fundi wa pancha, Changamwe au Kongowea, na wateja wamesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Ndiyo maana vijana wa karakana wakiniambia wanataka kuanza kuyaunda wenyewe, siwaulizi kwanza wana mashine gani. Nawauliza faili liko wapi, yaani karatasi za hesabu, vyeti na vipimo vya tangi.

Anza na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Karakana yenyewe isajiliwe kwa kurugenzi inayoisimamia, ile tunayoiita DOSHS. Kisha soma sehemu ya matangi ya hewa kabla hujachora chochote, maana nusu ya mchoro imo humo: presha salama iandikwe mahali inapoonekana, kuwe na vali ya usalama inayofunguka presha ikizidi hapo, geji sahihi, mahali pa kutolea maji, na tundu la mkono au njia nyingine ya kusafishia ndani. Hilo tundu ndilo linalosahaulika, na kwetu Pwani mimi ningelitanguliza. Kompresa inavuta unyevu wa bahari, maji yanatua chini ya tangi, kutu inakula bamba kwa ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Sheria inataka tangi lisafishwe na kukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Lisipokuwa na tundu, atalikagua vipi?

Unene wa bamba haukisiwi. Mafundi wengi hufuata kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1915, miaka kumi baada ya boila kulipuka katika kiwanda cha viatu mjini Brockton na watu 58 kufa. Chukua tangi la kipenyo cha milimita 400, presha baa 10, chuma kinachoruhusiwa kubeba mkazo wa megapaskali 138. Mshono wa kulehemu uliopigwa eksirei wote unataka bamba la milimita 1.5 hivi. Usipopigwa eksirei, unahesabiwa kuwa na asilimia 70 tu ya nguvu, na bamba linapanda hadi milimita 2.1. Juu ya hayo, kanuni hazikubali chini ya milimita 2.5 kwa tangi la hewa, nawe bado hujaongeza akiba ya kutu. Mpe mhandisi aliyesajiliwa aipitie hesabu na kuitia sahihi.

Bamba linunuliwe pamoja na cheti chake cha kiwandani, na namba ya cheti ionekane kwenye chuma. Kabla ya kukata, hamishia namba hiyo kwenye kila kipande. Nimewahi kuona tangi zuri, mishono imenyooka, likakataliwa kwa sababu grainda ilifuta namba na hakuna aliyeweza kuthibitisha ni chuma gani. Na mtungi wa gesi wa zamani usiugeuze tangi la kompresa hata mteja akikubembeleza.

Sasa elektrodi, yaani vijiti vya kulehemea, na hapa naomba usomaji wa makini. Elektrodi ya aina ya E7018 hutegemea ukavu. Ikinyonya unyevu, hidrojeni huingia kwenye mshono na kuupasua, wakati mwingine siku moja au mbili baada ya kazi kumalizika. Wakati wa mvua za Mei, pakiti iliyoachwa wazi mezani tangu asubuhi si ya kutumia kwenye tangi jioni. Nunua oveni ndogo ya kuhifadhia, takriban nyuzi 120, na utoe za kutosha kazi ya muda wa saa nne tu. Andika utaratibu wa kulehemu, mpime fundi kwa utaratibu huo, uweke matokeo kwenye faili. Akikaa miezi sita bila kulehemu kwa njia hiyo, apimwe upya.

Jaribio la mwisho ni la maji: baa 13 kwa tangi la baa 10, hewa yote ikiwa imetolewa. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo mshono ukiachia, unavuja badala ya kurusha vipande. Geji ya jaribio iwe na cheti cha upimaji.

Leseni ya kaunti, bima ya wafanyakazi na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ziombwe mapema, mchoro ukiwa bado mezani.

Kibati chenye namba ya tangi, mwaka na presha kilehemewe kwenye kishikizo chake. Usitoboe mwili wa tangi kwa riveti. Mteja apewe nakala ya faili akilichukua tangi, kwa sababu miezi 24 ikifika, mkaguzi ataiomba kwake.