Ltd ya London? Ipekue Kabla Hujafunga Kontena

Shemeji yangu alimuuzia korija 40 za vikoi mnunuzi aliyejileta kwa barua yenye nembo na anwani ya London. Malipo ya awali yaliingia, mzigo ukatoka Kilindini, salio mpaka leo ni ahadi. Nilipoitafuta ile kampuni nikakuta imesajiliwa miezi mitatu tu kabla, mtaji wake pauni 1, mkurugenzi mmoja, naye anaishi nchi nyingine kabisa. Nami kazi yangu ni karatasi za forodha! Niliona haya.

Basi fanya hivi. Mwombe mnunuzi namba ya usajili; akizungukazunguka, ushajibiwa. Namba huwa na tarakimu nane, ila za Scotland huanza na SC na za Ireland ya Kaskazini NI. Iandike kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza. Ni bure.

Tazama tarehe ya kuanzishwa, na kama hesabu za mwaka zimechelewa. Kisha bonyeza palipoandikwa People, na hapo usiwe na haraka. Utaona wakurugenzi, uraia wao na nchi wanakoishi, halafu wenye zaidi ya robo ya hisa au kura. Asipotajwa mtu yeyote, uliza kwa nini. Anwani nayo itafute mtandaoni: mlango mmoja ukiwa na kampuni chungu nzima, hapo ni pa kupokelea barua tu. Si kosa kisheria, lakini ukienda kudai hutamkuta mtu.

Zamani mtu popote duniani alilipa pauni 12, akaandika jina alitakalo, akavaa Uingereza kama kanzu ya kuazima. Sheria ya 2023 imeanza kubana. Tangu Machi 2024 sanduku la posta halitoshi kuwa anwani rasmi, na msajili anaweza kuhoji taarifa au kuzikataa. Tangu Novemba 18, 2025 mkurugenzi mpya lazima athibitishe kitambulisho. Wa zamani wakapewa mwaka mmoja wa kujipanga.

Hata akithibitishwa, hapo umejua jina lake tu, pesa zake hujaziona. Mzigo mkubwa, dai LC ya benki, yaani barua ya benki inayoahidi kukulipa ukiwasilisha karatasi za mzigo zilizo sawa.

Shemeji siku hizi hunitumia namba kwa WhatsApp kabla hajampa fundi vikoi asuke matamvua.