Jinsi ya kuzurura Uingereza wikiendi bila kufilisika

Kwa mdogo wangu yeyote wa Dar anayeenda kusoma Uingereza mwaka huu, chaja zako za pini tatu bapa beba tu, soketi zao ndo hizihizi, na magari yanapita kushoto kama huku, kwahiyo wale Wamarekani utakaokaa nao hosteli ndo watapata tabu kuvuka barabara, sio wewe.

Ishu ni treni. Usiende stesheni kukata tiketi siku hiyohiyo kama unadandia daladala ya Mbezi, utalia! Chukua kwanza Railcard ya miaka 16 hadi 25, inakata theluthi ya nauli (hata ukizidi 25 unapata kama unasoma full time), halafu nunua tiketi ya Advance wiki kadhaa kabla, ila hiyo ni ya treni moja tu, ukichelewa imekula kwako. Safari ndefu cheki na basi la National Express, linachukua muda ila mara nyingi bei iko chini.

London kwenye basi hawapokei keshi, unagusa kadi ya benki. British Museum na National Gallery kuingia bure. Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale, unashukia Salisbury unaunga basi, na kiingilio sio cha kitoto, mi ningeenda York nitembee juu ya ukuta wa mji bure kabisa.

Jumapili supamaketi kubwa zinafunguliwa masaa sita tu, so nunua msosi Jumamosi jioni, tafuta stika za njano, hapo vitu vimeshushwa bei.